Kisanduku Kinachodhani ni Mwaka 1970

Kila nyumba ya mjini siku hizi ina mtu aliyeteuliwa bila kikao kuwa fundi wa runinga. Kwetu ni mimi. Cheo hakina mshahara wala likizo, na nilikipata siku shemeji alipotuletea kisanduku cheusi kutoka Kariakoo, akakiweka mezani kwa heshima zote na kutangaza: "Shem, hiki ukishachomeka, king'amuzi kampe mwenye shida."

Maneno hayo si yake, ni ya muuzaji. Pita Mtaa wa Aggrey utayasikia kila baada ya duka. Na kwa haki, muuzaji hasemi uongo wote. Kisanduku chenyewe ni kompyuta ndogo ya Android: unakichomeka kwenye tundu la HDMI nyuma ya runinga, unakipa intaneti, na runinga iliyokuwa haijui kitu inaanza kuonyesha YouTube, Netflix na mpira wa nchi ambazo hujawahi kuomba viza zake. Hakuna dishi wala fundi wa kupanda juu ya bati. Tofauti na king'amuzi ni moja tu. King'amuzi tulinunua kwa kulazimishwa, mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, kwa hiyo kila kilipogoma tulikuwa na serikali ya kuilaumu. Hiki tumekipenda wenyewe.

Ubavuni kimeandikwa 8K kwa herufi za dhahabu. Runinga yetu hata 4K inaisikia kwa jirani, lakini tulifurahi. Usiku wa kwanza tukafungua Netflix, ambayo iliingia nchi zetu Januari 2016 na sisi tukaifikia kwa mwendo wetu. Harusi ikaanza, watu wakawa wanalia. Mama watoto akakaza macho, akasogea, akauliza: "Huyu anayelia ni mama wa bibi harusi au ni pazia?" Siri ni kwamba Netflix haikipi kila kifaa picha safi. Kisanduku kisicho na kibali chake hupewa picha ya daraja la chini, mistari 480, hata kama ubavuni kimeandikwa 8K, 16K au Mungu ni Mwema.

Halafu kuna jambo la umeme. Visanduku vingi vya bei rahisi havina betri ya kutunza saa. Umeme ukikatika na kurudi, chetu huamka kikiamini kabisa kwamba leo ni tarehe 1 Januari 1970, siku ambayo kompyuta nyingi huanzia kuhesabu muda. Kwa imani hiyo kinakataa kufungua programu yoyote ya intaneti, kwa sababu vyeti vya usalama vya mitandao yote kinaviona vimetolewa miaka ijayo. Ukweli ni kwamba, kwa historia ya nchi hii, kina hoja. Mwaka 1970 Tanzania haikuwa na televisheni kabisa: ya Zanzibar ilianza 1973, na Bara tukasubiri hadi 1994. Kisanduku kinachogoma kuonyesha picha mwaka 1970 kinafuata taratibu. Kazi yangu mimi, mtu mzima mwenye familia, ni kupiga magoti mbele ya runinga na rimoti mkononi, nikibonyeza mshale wa juu, mwaka mmoja mmoja, kutoka Mwalimu mpaka leo, huku watoto wakinihimiza: "Baba, bado! Uko kwa Mzee Ruksa!"

Bando sitalisema sana, maana ni msiba unaojulikana. Netflix wenyewe wanasema saa moja ya picha safi ya HD inaweza kula hadi GB 3, na ile ya 4K hadi GB 7. Sasa mpe mtoto rimoti, na simu yako ndiyo inayorusha intaneti. Usiku unamkuta amelala juu ya zulia, mdomo wazi, katuni inaendelea kujitazama yenyewe, na kwenye simu kuna ujumbe wa "Ndugu mteja" unaokuarifu kwa upole kwamba kifurushi chako kimekwisha. Hapo ndipo tukaamua kuvuta faiba ya kulipia kwa mwezi. Kisanduku cha kuokoa pesa ya king'amuzi kikawa kimetuletea bili iliyozidi ya king'amuzi chenyewe.

Faiba nayo ikaja na mambo yake. Mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea kutoka Korogwe, na kitu pekee alichokipenda kwenye kisanduku ni Makka: moja kwa moja, mchana na usiku, watu wakitufu. Baada ya swala ya magharibi akakaa kwenye zulia lake na tasbihi, sauti ya kisomo ikijaa sebule, nyumba nzima tumetulia kama wachamungu. Ghafla Makka ikapotea. Ikaingia singeli, sauti ya juu kabisa, kijana amevua shati anacheza kwa kichwa. Nikaruka kwenye rimoti. Betri zilikuwa zimehamia kwenye gari la mtoto la kuchezea. Nikakimbilia waya. Mama mkwe hakushtuka. Alisubiri kelele ziishe, akasema taratibu: "Baba, hawa wa Makka nao siku hizi wanapiga ngoma?"

Mchawi alikuwa kijana wa jirani. Tulimpa nywila ya Wi-Fi afanye kazi za shule. Yeyote aliye ndani ya Wi-Fi yako akibonyeza kile kialama cha kurusha picha kwenye simu yake, runinga yako inampokea bila kubisha hodi. Kijana alidhani anairushia runinga ya kwao. Alikuja kuomba radhi, na mama mkwe akampokea vizuri kuliko alivyonipokea mimi siku ya posa.

Lakini kosa kubwa la kisanduku, ambalo halina dawa, ni mpira. Mechi ya moja kwa moja ikipita kwenye intaneti hukatwa vipande vya sekunde chache chache, na kisanduku hakianzi kuonyesha mpaka kiwe kimejiwekea akiba ya vipande kadhaa ili picha isikwame. Akiba hiyo ndiyo uchelewaji wako, nusu dakika hivi, siku mbaya zaidi. Siku ya Simba na Yanga goli hupita mtaani kwa zamu: linaanza kwenye redio ya mlinzi, linakwenda nyumba zenye ving'amuzi, watu wanapiga masufuria, bodaboda wanapiga honi, ndipo kwetu kipa anajiandaa kupiga mpira mbele.

Sisi tuliumia, shemeji akaona fursa. Alijisogeza dirishani akijifanya anapunga upepo, akisikia kelele anarudi kwenye kochi, anafumba macho na kusema: "Naliona goli linakuja." Linakuja kweli. Watoto wakaamini mjomba wao ana karama. Wakaanza kuwekeana soda, naye akazila mpaka kipindi cha pili, mama mkwe alipomwambia kwa Kisambaa neno ambalo hakuna aliyetutafsiria. Soda zikarudishwa.

Kuna upande usiochekesha. Januari 2023 mtaalamu mmoja wa kompyuta, Daniel Milisic, alieleza hadharani kwamba kisanduku aina ya T95 alichonunua Amazon kilifika na programu hasidi ndani yake kabla hajakitumia. Juni 2025 FBI ya Marekani ikatoa onyo kuhusu BADBOX 2.0, mtandao wa vifaa vya nyumbani, vikiwemo visanduku vya runinga, ambavyo wahalifu huvigeuza mlango wa kupitishia mambo yao kwenye intaneti yako. Kwa hiyo kile cha bei ya kutupa, kinachoahidi chaneli zote za dunia bure maisha yote, kuna mtu anakilipia, na anaweza kuwa wewe.

Na usimpe mtu king'amuzi chako. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani, na visanduku vyote vikawa mapambo ya meza. Siku kama hiyo king'amuzi kinaendelea kuonyesha bila kuuliza habari za baharini.

Basi ukiniuliza kama kinafaa, jibu langu ni hili. Kama runinga yako tayari ni ya kisasa na ina YouTube ndani, pesa hiyo kanunulie mchele. Kama ni bapa ya zamani yenye tundu la HDMI, na una intaneti ya mwezi isiyohesabu GB, nunua, ila kiwe chenye kibali cha Google na Netflix, hata kama bei inauma. Kama unaishi kwa bando la siku, kiache dukani. Na ukishanunua, badilisha nywila ya Wi-Fi kabla mama mkwe hajafika.