Mkaguzi Asiyepokea Chai

Kidole gumba changu kilizama kwenye fremu ya mlango wa sebuleni hadi kiungo cha kwanza. Nilikuwa nimeegemea tu, nikisubiri maji ya chai yachemke. Kwa nje fremu ilikuwa nzima: rangi ya mafuta inang'aa, hakuna ufa, hakuna hata tundu la msumari. Kwa ndani hapakuwa na mbao. Palikuwa na vijia vya udongo, vumbi, na askari wawili wa mchwa waliotoka kumtazama aliyewabomolea.

Mwingine angeita fundi. Mimi, baada ya kukifuta kidole, nilivutiwa na ile rangi. Niliinunua kwa fedha yangu na kuipaka mwenyewe Jumamosi mbili mfululizo, na mchwa hawakuigusa. Walikula mbao yote wakaiacha ngozi yake imesimama vilevile, mwenye nyumba asije akaaibika mbele ya wageni. Nimewahi kuwa na wapangaji, na hakuna aliyehama akaniachia ukuta msafi namna ile.

Tangu siku hiyo nimekuwa wakili wa mchwa, na kesi ya kwanza ninayoichukua ni ya kashfa. Kila fedha za halmashauri zinapoyeyuka, mheshimiwa hupanda jukwaani akasema kuna mchwa wanazitafuna. Mdudu anaonewa. Anachokula mchwa hubaki katika kata ileile. Wale wa vichuguu vikubwa hawaishii hata kula: mbao wanazozibeba huzitafuna, wakazigeuza masega chini ya ardhi, wakapanda kuvu juu yake. Kuvu hulainisha kile ambacho tumbo la mchwa haliwezi, ndipo wanakula tena. Kilimo hicho si cha jana. Huko bonde la Rukwa wataalamu walifukua viota vya mchwa vilivyogeuka mawe, bustani za kuvu zikiwa bado zimo, vyenye umri wa miaka milioni 25. Wakati huo duniani hapakuwa na jembe wala wa kulishika. Na mvua zikianza, kuvu hao hao huchomoza juu wakiwa uyoga mkubwa mweupe, ule tunaoununua kando ya barabara kwa mafungu. Nionyesheni mtafunaji mmoja wa bajeti aliyewahi kuotesha uyoga.

Lakini sifa yake kuu, iliyonifanya nishike kalamu, ni ukaguzi.

Nyumba yangu iko Morogoro, upande ambao asubuhi unaiona milima ya Uluguru, mawingu yakiruhusu. Niliijenga kwa miaka tisa kwa mtindo tunaoujua wote: mshahara ukitoka, tofali; ada ya shule ikidaiwa, kazi inasimama. Walipita mafundi wanne, na kila mmoja alianza kazi kwa kumlaani aliyemtangulia. Mkaguzi wa kibinadamu alikuja mmoja. Alisimama getini, akaitazama nyumba kama mtu anayetazama mvua, akauliza kama kuna chochote cha kinywaji, akaondoka.

Mchwa alikuja bila kuitwa na bila posho, na alianzia pasipoonekana. Alipanda kutoka pembe ya bafuni. Kwa nini pembe ile? Mwili wake ni laini, hewa kavu humuua, kwa hiyo hufuata unyevu kama mlevi anavyofuata kilabu, na akipita mahali pakavu hujijengea paa la udongo juu ya njia yake. Nilipoifuata njia hiyo na kubandua vigae viwili, nilikuta bomba linalodondosha maji, nadhani tangu siku lilipofungwa. Miaka yote hiyo bili ya maji ilikuwa ikija nzito, nami nikimlaumu mwanangu kwa kuoga mno.

Kutoka pale akaniteremsha chini ya sakafu. Fundi wa kwanza aliniambia, "Mzee, dawa ya mchwa tumeimwaga yote kabla ya jamvi, wewe lala usingizi." Nililala. Tulipovunja kipande cha sakafu tukakuta vipande vya mbao za kumwagia zege vimefukiwa humo humo, pamoja na mifuko ya saruji ya karatasi. Yaani alimwandalia mchwa futari kisha akamjengea ukumbi juu yake. Watu husema mchwa hutoboa zege. Hatoboi. Anatafuta ufa, na mimi nyufa niliuziwa kwa bei ya jumla. Dawa, kama ilimwagwa, ilimwagwa shambani kwa fundi.

Darini taarifa ikawa kali zaidi. Kenchi zangu nilizinunua kama mbao za dawa, zile zenye ukijani, nikalipa kwa bei ya ukijani. Siku zilipoletwa ilinyesha zikiwa bado zimelala uwanjani, na rangi ikahamia kwenye mchanga. Niliona, nikanyamaza, maana gari lilikuwa limeshaondoka na mimi nilikuwa nimeshalipa. Mchwa hakunyamaza. Zile chache zilizokuwa na dawa ya kweli alizipita kama haja nazo hana. Zilizopakwa rangi tu alizimaliza. Kwa hesabu yake, niliuziwa dawa kwenye mbao tano kati ya ishirini na mbili.

Ujuzi wake wa mbao ni wa kutisha. Kitanda alichoniachia bibi yangu, cha mkongo, kimekaa kwenye sakafu ya udongo miaka ambayo mimi sikuwapo duniani, na hakina kovu. Meza ya sebuleni niliinunua kando ya barabara kuu kwa bei ya mninga. Muuzaji alikula kiapo. Mchwa alikula meza. Ilimchukua masika moja, akaacha vanishi.

Ukurasa wa mwisho wa taarifa ulinihusu mimi, na nausoma kwa sauti ya chini. Nilikuwa nimetengeneza bustani ya maua ubavuni mwa nyumba, nikajaza udongo hadi juu ya usawa wa jamvi, na juu yake nikapanga kuni. Mama watoto alisema siku ileile, "Baba Tumaini, huo udongo usiuegemeze ukutani." Nikamjibu kwamba mambo ya ujenzi aniachie mimi. Mchwa walitumia udongo wangu kama ngazi, wakapumzika kwenye kuni zangu, wakaingilia dirishani. Hawakuniogopa kama mwenye nyumba, wala hawakunipendelea kama mtu anayewalisha.

Nilipigana naye, sifichi. Nilianza na majivu, nikaja kwa chumvi, mafuta ya taa, halafu oili chafu ya gereji iliyonifanya nilale wiki mbili kama niko chini ya lori. Wenye nguvu kuliko mimi wameshapigana naye pia. Mwaka 2001 mataifa yalikutana Stockholm yakatia saini mkataba dhidi ya sumu 12 ambazo zilikuwa zimeenea dunia nzima na kuingia hadi kwenye maziwa ya mama. Aldrini, dildrini, klodeni, heptaklori, mireksi: hizo tano kati ya 12 zote ziliwahi kutumwa vitani kumkabili mchwa. Zenyewe zimeshapigwa marufuku. Yeye yuko kwenye fremu yangu.

Jirani yangu, mzee wa Kiluguru mwenye subira, akanishauri niache kupiga matawi nikate shina. Nyuma ya nyumba, karibu na mpera, kuna kichuguu kinachonifika kiunoni. Tulikichimba na kijana mmoja kwa asubuhi nzima, kwa sururu, maana udongo ule umeshikana kuliko sakafu niliyomlipa fundi aishindilie. Ndani ni baridi kama mtungini, vyumba na vijia, masega ya kuvu yaliyokunjamana kama ubongo wa mbuzi. Mwishowe tukafika kwenye chumba kigumu cha udongo, na ndani yake malkia: mweupe, mnene kama kidole changu kilekile cha gumba, hawezi hata kugeuka, anataga maelfu ya mayai kwa siku. Pembeni yake mfalme, mdogo, mweusi, hajakimbia. Dume la siafu hufa mapema baada ya kupandana. Huyu wa mchwa huoa na kukaa, gizani, chumba kimoja, hadi kifo. Kijana alinitazama, mimi nikamtazama mfalme. Kuku ndiye aliyeamua, akawameza wote wawili.

Baada ya wiki tatu kichuguu kilikuwa kimeshaanza kuzibwa. Jirani akasema, kana kwamba ni jambo dogo, kwamba vichuguu vingine huwa na malkia zaidi ya mmoja. Subira yake ndiyo hiyo: anakuacha uchimbe kwanza.

Sasa nimepanda maboga juu ya kichuguu hicho, kama wanavyofanya wakulima wengi, na sijapata kuona maboga ya namna ile. Udongo wa matofali ya banda la kuku nao ulitoka humo. (Kuna jambo moja sikulipenda. Mwaka 2007 wataalamu wa Uingereza walithibitisha kwa vinasaba kwamba mchwa ni mende tu aliyejifunza kuishi kijamaa. Kumbe aliyeko darini kwangu na aliyeko jikoni ni ukoo mmoja, nami nilikuwa nikipiga upande mmoja huku nikilisha mwingine.)

Ana kasoro, na wakili mkweli huitaja. Niliposema niwafuate mafundi na wauzaji wangu kwa ushahidi, nilivuta boksi la risiti kutoka chini ya kitanda cha bibi. Lilikuja jepesi. Risiti ya mbao, risiti ya dawa, makubaliano na fundi wa pili yaliyoandikwa mbele ya balozi wa nyumba kumi, vyote vilikuwa udongo laini, na juu yake pini za stepla zimelala safu kama meno ya samaki. Mkaguzi alikuwa amekamilisha kazi, kisha akala faili. Hapo nikakiri kwamba wale waheshimiwa wa majukwaani hawakukosea kila kitu.

Vuli iliyopita, jioni ya mvua ya kwanza nzito, nilisikia kitu kama mchanga unaomwagwa. Walitoka kwenye kichuguu, wakatoka kwenye ufa wa baraza, wakatoka kwenye fremu yenyewe, kwenye tundu nililolitoboa kwa kidole: kumbikumbi, mamia, mabawa yao yakilia kwenye taa. Watoto wa mtaa walifika kabla sijasema karibu. Waliweka beseni la maji chini ya taa ya baraza, wakazima nyingine zote wakiniagiza ndani ya nyumba yangu, "Baba, zima na ya sebuleni!" Nikazima. Walichota hadi saa nne usiku, wakaniachia baraza limejaa mabawa.

Asubuhi binti wa jirani akabisha hodi na bakuli lililofunikwa kwa sahani. "Shikamoo baba. Mama amesema hizi ni zako." Walikuwa wamekaangwa bila mafuta, maana wana mafuta yao wenyewe, kwa chumvi na pilipili kidogo. Nikakaa barazani, nikaegemea fremu, kwa uangalifu, nikaanza kuutafuna mlango wangu. Ulikuwa mtamu. Nilimwachia mama watoto nusu bakuli, kwa sababu ya ule udongo.