Mwongozo wa Kupangisha Bekapu kwa Asiyependa Usingizi

Hongera. Umenunua seva yenye diski kubwa, umeweka Proxmox Backup Server, na sasa zahanati, shule na saccos wamekubali kukulipa kila mwezi uwatunzie bekapu. Programu yenyewe inatoka Vienna, unaipakua bure, na ukurasa wake unafunguka kwenye poti 8007 bila maringo. Kilichobaki ni kuwagawia wapangaji wako ruhusa. Ni kazi ya asubuhi moja, lakini ukifuata mwongozo huu itakushughulisha hadi ustaafu.

Anza kwa kubana matumizi. Tengeneza mtumiaji mmoja, mwite bekapu, mpe paswedi moja, kisha irushe kwa wapangaji wote kwa WhatsApp. Usihangaike na swali la nani ataiona. Kwenye seva ya mpangaji inayoendesha Proxmox VE, paswedi hiyo hukaa ndani ya faili chini ya /etc/pve/priv/storage, na yeyote mwenye ruti pale anaisoma kwa amri moja. Kijana wa kompyuta wa shule atakuwa na ufunguo wa zahanati bila hata kuuomba.

Hapo ndipo utakapoonja raha ya namba 100. Proxmox VE huanza kuzihesabu mashine pepe kuanzia 100. Mashine ya kwanza ya zahanati ni 100, ya shule ni 100, ya saccos usiulize. Bekapu nazo hupangwa kwa aina na namba: vm/100. Wote wakiingia kwa jina moja, programu haina sababu ya kudhani ni watu tofauti, kwa hiyo inaziweka kwenye kundi moja, zikifuatana kwa saa. Saa tatu usiku wagonjwa, saa nne matokeo ya kidato cha pili, saa tano mikopo. Sasa weka sheria ya kubakiza moja kwa kila siku. Inayobaki ni ya mwisho ya siku hiyo, yaani ya saccos. Zahanati na shule zinafutwa kwa utaratibu mzuri kabisa, na ripoti ya asubuhi inakuja ya kijani.

Watu wa Vienna waliliona tatizo. Toleo 2.2 la mwaka 2022 lilileta nemuspesi, yaani vyumba ndani ya ghala moja, ili vm/100 ya kila mpangaji ikae kivyake. Mwongozo huu haupingi vyumba, unapinga kuvifunga. Unapotoa ruhusa, andika njia /datastore/ghala basi. Usiendelee hadi /datastore/ghala/zahanati. Ile tiki ya propagate iache ilivyo. Ruhusa itateremka hadi chumba cha mwisho, na kila mpangaji atatembelea kwa wenzake.

Ukifika kwenye orodha ya madaraka, chagua kwa kusikiliza jina. DatastoreBackup halivutii: mwenye nalo anatuma bekapu na kurejesha zile anazozimiliki mwenyewe, basi. DatastoreReader ndilo lina sauti ya upole. Mkaguzi akija kuuliza kama bekapu zipo, mpe hilo. Linamruhusu kurejesha data yote iliyo kwenye njia hiyo, mmiliki awe nani. Alichohitaji ni DatastoreAudit, linaloonesha orodha na takwimu bila kufungua data, lakini nani atake cheo chenye jina kavu namna hiyo? Mwenye haki ya kurejesha ana haki ya kusoma. Hahitaji paswedi ya mfumo wa mishahara wala kupita kwa mhasibu. Anairejesha diski ya usiku wa jana kwenye kompyuta yake, anaifungua akiwa na chai mkononi, na kwenye mfumo wenyewe wa mishahara hakuna logi inayoonesha kuwa kuna mtu ameingia.

Halafu itapigwa simu.

"Shikamoo kaka. Bekapu zimefeli tena."

"Marahaba. Zimefeli vipi?"

"Nyekundu tupu. Inasema haina ruhusa."

Ukichungulia logi utakuta bekapu yenyewe imefika salama. Kilichogoma ni hatua ya mwisho: seva ya mpangaji imetaka kufuta bekapu za zamani, na DatastoreBackup hairuhusu kufuta. Dawa ipo, tena nyepesi. Upande wa mpangaji unachagua kubakiza zote, na ratiba ya kufuta unaiweka kwenye seva yako mwenyewe. Dawa ya mwongozo huu ni kumpandisha cheo awe DatastorePowerUser, anayeruhusiwa kufuta zake, au DatastoreAdmin ukiwa na haraka ya chakula cha mchana. Kijani kinarudi, shukrani zinamiminika. Siku wezi wa kudai fidia watakapoingia kwenye seva ya saccos, wataikuta tokeni (ufunguo wa kuingilia badala ya paswedi) yenye haki ya kufuta bekapu, na wataitumia kabla hawajafunga faili hata moja. Mwezi Juni 2014, kampuni iitwayo Code Spaces ilivamiwa kwenye akaunti yake ya Amazon. Mvamizi akafuta data pamoja na bekapu, kwa kuwa vyote vilifunguka kwa mlango mmoja, na kampuni ikafunga biashara.

Tokeni nazo zina vituko vyake. Tokeni haipati ruhusa hadi mwenye akaunti awe nayo na tokeni yenyewe ipewe. Anayeipa tokeni peke yake ataona imegoma, atabadilisha hiki na kile, na kufikia jioni atakuwa anatumia root@pam. Bekapu iliyotumwa kwa jina la mtumiaji haifunguki kwa tokeni yake, ingawa mtumiaji anafungua za tokeni. Ujumbe utakaoletewa ni "backup owner check failed". Fundi makini hubadilisha mmiliki wa kundi kwenye menyu na maisha yakaendelea. Wewe mpe kila mtu Admin kwenye njia / na wakati wa kurejesha ujumbe hautaonekana tena.

Vyumba ni vingi, diski ni moja, na wapangaji watagombana kama wanaochangia LUKU. Shule ikileta video za mahafali, saccos inakosa nafasi. Wewe utafuta bekapu za zamani kwa jazba, kisha utatazama kipimo cha diski na kukuta hakijasogea. Kufuta huondoa orodha tu. Vipande vya data hungoja usafishaji, nao kwa kawaida haugusi kipande kilichotumika ndani ya saa 24 na dakika 5 zilizopita.

Mpangaji mmoja mjanja anaweza kukuharibia mpango wote kwa kusimba data kwake kabla ya kuituma, ufunguo akabaki nao. Jirani mwenye Admin ataweza kufuta, lakini hatasoma. Mkatishe tamaa mapema. Mwambie kwamba data zilizosimbwa kwa funguo tofauti haziunganishwi hata zikifanana, hivyo diski italika zaidi, jambo ambalo ni kweli. Usimshauri auchapishe ufunguo karatasini na kuufungia kabatini, maana ukimpotea hata wewe huna la kumsaidia. Sheria ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na ile ya Kenya ya 2019 usizitaje. Zote mbili zina nafasi ya anayechakata taarifa kwa niaba ya mwingine, na huyo ni wewe.

Wala usithubutu kuingia kwa akaunti ya mpangaji ujionee anachokiona. Ukiwa ruti kila kitu kinafunguka, na hiyo inatosha kuwa jaribio.

Mpangaji akihama, futa akaunti yake na uziache bekapu. Programu inamjua mmiliki kwa jina lililoandikwa. Mwakani ikija zahanati nyingine, ipe jina lilelile, zahanati@pbs, na chumba kilekile, kwa kuwa kipo tayari. Siku ya kwanza watafungua orodha na kukuta wagonjwa wa miaka miwili, wote ni mali yao. Watakupigia kuuliza kama hiyo ni ofa ya ufunguzi.