Somo Lisilo na Kipindi

Desemba 12, 1970, setilaiti Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikawa ya kwanza duniani kutumwa mahususi kuchunguza eksirei za angani. Mtoto wa Malindi mwenyewe, chini ya mfumo wa elimu wa 8-4-4, alionjeshwa anga katika Jiografia ya kidato cha kwanza: chora sayari, ivike Zohali pete, geuza ukurasa, karibu kwenye hali ya hewa.

Ukidai falaki iwe somo kamili utaulizwa, "Litamlisha nani?" Wakulima wa pwani waliopanda kwa kutazama kundi la nyota la Kilimia hawakuwa na cheti, basi tusiwahesabu. Hoja nzito ni ya ratiba: masomo huisha jioni, na nyota, kwa ukaidi wao, hazijakubali kuwahi.