Asifiwe YQ

Nauli haihitaji mpiga debe. Tafuta tiketi ya Nairobi kwenda London na kurudi mtandaoni, utaikuta imekaa juu kwa herufi nene, inakukonyeza. Ukishajaza jina kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe ya kuzaliwa na namba ya ndugu wa kupigiwa likitokea la kutokea, ndipo chini kabisa wanajitokeza waungwana wasiopenda makuu: kodi, ada na tozo. Hao ndio wa kusifiwa leo, hasa mmoja wao anayejulikana kwa herufi mbili tu, YQ.

Tuanze na ndugu zake, maana ukoo mzuri nao ni sifa. Ukibofya palipoandikwa maelezo ya kodi, utamkuta GB, mtoza ushuru wa serikali ya Uingereza kwa kila abiria anayeruka kutoka viwanja vyake. Alizaliwa Novemba 1994 akiwa wa pauni 10 kwa safari za mbali. Kufikia Aprili 2025 alikuwa pauni 90 kwa anayekwenda Nairobi daraja la kawaida. Nani mwingine amenawiri hivyo kwa miaka 30 bila kuugua hata siku moja? Tena ana adabu. Anayeingia London hamgusi, humngoja siku ya kuondoka. Mtoto wa chini ya miaka 16 katika daraja la kawaida humpisha. Abiria wa kuunganisha ndege anayeondoka kabla ya saa 24 kutimia humwacha apite. Akinogewa na mji akapitisha saa hizo, anahesabiwa mwenyeji na analipa. Pembeni yake yupo UB, ada ya huduma za uwanja wa ndege. Kenya nayo haikubali mtu aondoke kimyakimya: imekuwa ikitoza dola 50 kwa anayekwenda nje, na shilingi 600 kwa anayekwenda Kisumu.

Wamo hata wacha Mungu. Mwaka 2006 Ufaransa, chini ya Rais Jacques Chirac, iliweka kodi ya mshikamano kwenye tiketi za ndege, na fedha zake zikachangia shirika la Unitaid katika vita dhidi ya UKIMWI, kifua kikuu na malaria. Abiria aliyekuwa akigombania kiti cha dirishani mjini Paris alitoa sadaka bila kujua, na sadaka ya namna hiyo, wanasema, ndiyo yenye thawabu kubwa.

Lakini YQ amewapita wote. Bei ya mafuta ilipopanda miaka ya 2000, hadi pipa likapita dola 147 mwezi Julai 2008, mashirika ya ndege yalimkaribisha kama mgeni wa muda wa kusaidia kulipia mafuta. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alipewa kiti cha mbele. Januari 2016 pipa lilishuka chini ya dola 30, na YQ hakufunga mizigo. Mashirika mengi yakaona vyema kumbadilisha jina, akawa tozo ya shirika la ndege. Neno mafuta likaondoka, pesa zikabaki. Na mafuta yenyewe yana bahati yake: Mkataba wa Chicago wa 1944 ulikwisha kuyasamehe ushuru wa forodha yale yaliyomo tangini ndege ya kimataifa inapotua nchi nyingine. Abiria, kwa bahati mbaya, hasafiri ndani ya tangi.

Ustadi wake mkubwa ni kuchagua majirani. Hukaa katika fungu moja na kodi, na mnunuzi akiona jumla ya kodi na ada imekaribia nauli huilaani serikali. Serikali mbili zinatukanwa, na YQ anaingia mfukoni mwa shirika bila doa. Kikulacho ki nguoni mwako. Ukipata punguzo la asilimia kumi ya nauli, halimfikii. Ukikusanya pointi za safari mpaka ukapewa tiketi ya bure, mashirika kadhaa yatakudai YQ kwa fedha taslimu, ili usije ukazoea vya bure.

Wenye wivu hawakosekani. Mwaka 2008 Umoja wa Ulaya ulitunga kanuni kwamba bei ionyeshwe nzima tangu mwanzo, na kwamba kisanduku cha bima au cha huduma ya ziada kisitiwe tiki kabla mteja hajaamua mwenyewe. Mwaka 2012 Marekani nayo ikataka bei ya tangazo iwe na kodi na ada zote za lazima. Tangu hapo mpenda ubishi hulinganisha jumla ya tiketi moja na jumla ya nyingine, wala hababaishwi na mstari wa juu. Watu wa namna hiyo wanaua sanaa.

Siku ya kumjua vizuri ni siku safari inapokufa. Viza imekataliwa, au mzee nyumbani amezidiwa, nayo tiketi ni ile isiyorudishiwa nauli. GB hana deni kwa asiyeruka. Ukiomba, shirika linaweza kukurudishia kodi hiyo, pengine baada ya kukata ada ya kushughulikia ombi lako. Kwa hiyo andika uombe, usiache pesa kwa kudhani imekwenda serikalini. YQ naye mara nyingi hufuata masharti ya nauli na kubaki alikokwenda. Usimlaumu. Ameajiriwa na shirika, anakula kwa shirika. Huo ndio uaminifu wenyewe, atamkimbiliaje abiria?