Muulize Shangazi Makali: Kisu cha Baba

Shida za ndoa zina ukurasa wake. Hapa tunatibu visu vya mfukoni peke yake.

Shikamoo shangazi! Nilinunua kisu kipya cha kukunja chenye vifaa kumi na vinane kwa bei ya chai na mandazi. Juzi nikifungua soda mbele ya wakwe, kifungua chupa kilipinda kama mkia wa nguruwe. Nifanyeje?
*Mwenye Aibu, Kebirigo*

Marahaba. Mwanangu, ulioa hesabu. Kumi na vinane vya nini? Hapo Kebirigo utaparua magamba ya samaki gani? Mwaka 1891 askari wa Uswisi walianza kupewa kisu chenye vifaa vinne tu: bapa, kitoboleo, kifungua kopo na bisibisi ya kufungulia bunduki. Wewe unamenya muwa, unakata kamba, unakaza skrubu ya redio, unatoa mwiba. Hesabu kwanza kazi zako za wiki, ndipo uhesabu vifaa.

Shangazi, pale Daraja Mbili, katikati ya mitumba, nimeona kisu chekundu chenye msalaba mweupe. Muuzaji anaapa kimetoka Ulaya. Nimwamini?
*Mteja Mwoga, Suneka*

Kiapo mwachie mwenyewe. Wewe fungua vifaa kimoja kimoja. Kila kimoja kilie "ta!" na kitulie, kikilegea kama mlango wa banda la kuku, rudisha. Lisukesuke bapa kushoto na kulia: likicheza, bawaba imekwisha. Kifunge uone ncha. Ikichungulia, itakutoboa paja siku utakapopanda boda. Tafuta jina la mtengenezaji kitakoni mwa bapa, kwa maana msalaba hata mimi nauchora. Bapa likiwa limenolewa hadi limekuwa jembamba kama jani la chai, unanunua kumbukumbu. Kibano na kijiti cha meno vikikosekana usilie, hununuliwa kando. Lia mbele ya muuzaji tu, ashushe bei.

Shangazi, baba aliniachia kisu cha Victorinox. Springi ni ngumu, lakini bapa ni butu na ndani kumejaa uchafu. Ndugu yangu anataka tukiuze tugawane.
*Mrithi, Keroka*

Kwanza niambie: baba wa Kiswahili, au baba wa Ekegusii, yaani mama? Maana huko kwenu mzazi wa kiume ni tata.

Dawa ni ile ile. Kioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ukikifungua na kukifunga hadi mchanga utoke. Kikikauka, tone moja la mafuta ya cherehani kwa kila bawaba. Kinoe kwa kinoo chenye maji, bapa likikaribia kulala juu ya jiwe, bila haraka. Usimpelekee anayenoa panga kwa tupa, atakurudishia sindano.

Kuhusu kuuza: Karl Elsener, mwanzilishi wa kiwanda hicho, alifiwa na mama yake Victoria mwaka 1909, akaifanya Victoria alama ya bidhaa zake. "Inox", chuma kisichoshika kutu, iliongezwa 1921. Basi kiwe kilikuwa cha tata au cha nani, ndugu yako asome kitakoni mwa bapa kabla ya kutaja bei. Kwa Ekegusii, hicho ni kisu cha baba.