Mkono Usiojua Kuachia

Tangu binti yangu aingie kwenye timu ya roboti ya shule yao, nyumbani kwetu Nguba, Bukavu, hakuna kitu chenye skrubu kinacholala salama. Redio ya marehemu baba ilitoweka kwanza. Pasi ikafuata. Ukiuliza, wanatimu wote watano wanakujibu kwa adabu, sauti moja: "Papa, ilikuwa inalala tu." Ukimbana mmoja, wanne wanaapa naye. Wanaosema vijana wa siku hizi hawajui kushirikiana hawajapotelewa na pasi.

Shindano la shule lilitaka roboti itakayookota chupa za plastiki na kuzitia kwenye pipa. Mwaka 2019, kule Dubai, timu za wanafunzi wa dunia nzima zilishindana kukusanya mipira iliyowakilisha takataka za baharini. Sisi Bukavu mipira ya kuigiza ya nini? Mji umening'inia kwenye miteremko. Mvua ikinyesha, chupa za Kadutu na Ibanda zinashuka mpaka Ziwa Kivu, ziwa linazikabidhi kwa mto Ruzizi, na mbele kidogo tu zinakuta bwawa la Ruzizi I, linalotupa umeme tangu mwisho wa miaka ya 1950. Zikiziba mitambo, tunawasha mishumaa. Kwa kifupi, soda unayokunywa saa saba mchana inaweza kukuzimia taa.

Mke wangu alitarajia kitu kama yale maroboti ya mhandisi Thérèse Izay Kirongozi, yaliyoanza kuongoza magari Kinshasa mwaka 2013: marefu, yanatumia nguvu za jua, na kwa kuwa hayana watoto wanaosubiri maharagi nyumbani, hayamwombi dereva kitu. Alichooneshwa barazani ni kigari kinachofanana na kiti cha mtoto kilichopata ajali. Magurudumu yalikuwa vifuniko vya bidoni, mkono ulikatwa kutoka fremu ya dirisha (sijauliza dirisha la nani), na nguvu yote ilitoka kwenye mota ya waipa ya Toyota iliyokufa zamani.

Hiyo mota ndiyo ilinifanya niwasamehe pasi. Ndani yake mna gia yenye mzunguko wa skrubu: mota inauzungusha mkono, lakini mkono hauwezi kuizungusha mota. Ukishashika kitu, hata umeme ukikatika, hauachii. Kapiteni wao alinieleza hayo huku akinipa kidole cha roboti nikivute. Nilivuta mpaka nikaona aibu. Tena mota yenyewe waliifunga juu ya ubao badala ya chuma, eti ili nyaya mbili zibaki huru. Sikuelewa zibaki huru kutoka wapi, ila nilitikisa kichwa kama mzazi mwenye diploma.

Siku ya shindano umeme haukuwapo tangu usiku. Mlinzi wa shule, ambaye hujua kila kitu, alisema ni chupa tena. Betri ya timu ilikuwa imechajiwa nusu. Roboti iliingia uwanjani kwa madaha, ikazipita chupa zote za shindano, ikaenda moja kwa moja kwenye meza ya majaji, ikaikamata chupa ya maji ambayo mwenyekiti alikuwa ameiweka chini karibu na kiatu chake, ikaiinua juu, na hapohapo betri ikakata roho.

Mzee alivuta chupa yake. Roboti ikaja nayo. Akavuta tena, jaji wa pili akashika magurudumu upande wa pili, na ukumbi mzima ukaanza kuhesabu kwa Kifaransa. Timu yetu nayo ilikuwa inagombana: huyu anataka nyundo, yule anataka kusubiri umeme, kana kwamba umeme ulikuwa umeahidi saa ya kurudi. Ndipo msichana wao mkimya, ambaye kazi yake ilikuwa kubeba nyaya, aliposema: "Tugeuze tu waya. Chanya iende kwa hasi. Mkono utafunguka." Ubao ule! Nyaya zilibaki huru ili ziweze kugeuzwa. Nikaelewa, nikatikisa kichwa kwa haki safari hii.

Betri ya volti 12 itoke wapi? Nje, motari alikuwa amekaa juu ya pikipiki yake akila mandazi.

"Yaya, kaka yetu, tukopeshe betri kidogo."

"Betri yangu haiendi bila mimi."

Akaingia nayo mwenyewe, mikono ina mafuta, akashika nyaya. Jaji mmoja akalalamika kwamba kanuni haziruhusu mtu mzima ndani ya timu. Mwenyekiti, aliyekuwa na kiu, akamwomba anyamaze. Waya zikagusana, cheche ikaruka, mkono ukaguna, ukafunguka. Chupa ikamdondokea mzee mapajani.

Walipata nafasi ya pili. Zawadi: katoni ya maji, ya chupa za plastiki. Motari alidai yake, akainywa yote palepale, akauliza ganda alitupe wapi.

"Weka pale mkononi, Yaya," kapiteni akamwambia, "ila utuachie betri."