Buti la Kushoto
Sheria ya Tanzania ya mwaka 1982 ilikuwa na hesabu nyepesi: mwajiri mwenye wafanyakazi 50, asilimia 2 wawe watu wenye ulemavu. Yaani mtu mmoja, mzima. Ikaja ya 2010: wafanyakazi 20, asilimia 3. Piga mwenyewe. Inatoka sehemu sita za kumi za mtu. Mimi niliyekatwa mguu nadhani ndiye niliyekuwa nasubiriwa.

Basi huku Uchindile, kwenye kampuni ya mbao nisiyoitaja maana ugali wangu bado unatoka huko, nikawa mtunza stoo. Siku ya kuripoti nilipigwa picha kuliko bwana harusi. Picha imetundikwa ofisini kwa bosi, na ofisi ya bosi iko juu ya ngazi, kwa hiyo nasimuliwa tu kwamba nimetoka vizuri.

Vitendea kazi: gamubuti jozi moja. Nikaomba la kulia tu. Mhasibu akasema vitabu vyake vinasoma jozi. Nikasaini yote mawili, la kushoto nikalirudisha stoo, ambako mtunza stoo alikataa kulipokea kwa kuwa halina mwenzake. Mtunza stoo ni mimi. Sheria ni sheria.

Nilichohitaji ni raba za ncha za magongo. Mvua ikinyesha huku mlimani, udongo unateleza kama mlenda, na gongo lisilo na raba ni tiketi ya kulazwa Ifakara. Nikajibiwa bajeti haina kifungu cha raba. Cha keki ya Desemba 3, Siku ya Watu Wenye Ulemavu, kipo.

Wenzangu nao, huruma yao! Mmoja akiniona nainuka ananyakua gongo, "Lete nikusaidie, mzee," kisha anatangulia nalo. Mwingine huongea nami kwa kupayuka, utadhani mguu ndio uliokuwa unasikia.

Seremala wetu hajahudhuria semina yoyote. Aliuliza tu, "Kaka, nikupigilie wapi?" Akagongomea ubao ukutani kwenye mteremko wa stoo, nikapata pa kushika, akaenda kunywa chai.

Wewe unayepanda treni ya TAZARA kutoka Ifakara kuja huku, nibebee raba mbili za gongo, hela utaikuta stoo. Na kama unamjua mwenye mguu wa kushoto tu, mwambie buti lake lipo, jipya, ila aje na barua ya mhasibu.